Mlango wa Wanagenzi: Miaka Sabini ya Kutabiri Mwisho wa Watengeneza Programu

Februari 2024, kwenye mkutano wa kimataifa wa serikali uliofanyika Dubai, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya Nvidia, alisema kuwa ule ushauri wa kila mtoto ajifunze kuandika programu za kompyuta umepitwa na wakati. Kazi ya kampuni kama yake, alieleza, ni kuifanya kompyuta ielewe lugha ya kawaida ya binadamu, ili kila mtu awe mtengeneza programu bila kusomea. Kauli hiyo iliwagawa wenye kazi yao. Wapo waliokubali kwamba akili mnemba imekwisha kuwamwagia unga wao, na wapo waliokumbusha kwamba maneno hayo yamesemwa tangu kompyuta zilipokuwa na ukubwa wa ukumbi, na kazi ingali inaongezeka. Kundi hili la pili lina kumbukumbu nzuri zaidi, ila kumbukumbu yake inaishia nusu ya njia. Ni kweli kwamba kila utabiri wa kifo cha kazi hii umeshindwa. Ni kweli vilevile kwamba karibu kila chombo kilichotangazwa kuwa mrithi wa mtengeneza programu kiliwatoa watu fulani kazini, na waliotolewa walikuwa wale waliokaa karibu na mlango: makarani, wanawake, wanagenzi. Historia ya kazi hii inafaa kusomwa kuanzia hapo mlangoni, maana huko ndiko hasara ilikotokea mara kwa mara, na ndiko inakotokea sasa.

Tuanze na Philadelphia, mwaka 1945. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, jeshi la Marekani lilikuwa likigharimia ujenzi wa ENIAC, mashine yenye valvu zipatazo 18,000, iliyokusudiwa kukokotoa majedwali ya kulengea mizinga. Waliochaguliwa kuipangia mashine hiyo kazi walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Walitoka katika kundi la wanawake waliokuwa wakizifanya hesabu hizo kwa mkono na kwa mashine za mezani. Hapakuwa na kitabu cha maelekezo wala lugha ya programu. Walisoma michoro ya nyaya, wakaelewa mashine inavyofanya kazi, kisha wakaipanga kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi. Mashine ilipoonyeshwa hadharani Februari 1946, sifa ziliwaendea wahandisi walioiunda. Ripoti ambazo wanahisabati Herman Goldstine na John von Neumann waliziandika mwaka 1947 na 1948 zinatuonyesha mtazamo wa wakati ule: kazi iligawanywa katika hatua, na kuandika msimbo kukawekwa mwishoni, kama kufasiri tu yale ambayo mtaalamu amekwisha kuyafikiri. Aliyebuni mpango akahesabiwa msomi, aliyeandika msimbo akahesabiwa karani. Mgawanyo huo ulikuwa wa uongo, kwa sababu wale wanawake walikuwa wakifikiri katika kila waya waliouchomeka, lakini ndio uliozaa ndoto zote zilizofuata. Kazi ikishaitwa ya ukarani, wenye fedha huanza kuuliza ni lini mashine itaifanya yenyewe.

Jibu la kwanza lilitoka kwa watu waliozijua shida za kazi hiyo kwa undani. Mwaka 1952 Grace Hopper alitengeneza A-0, programu ya kuunganisha vipande vya programu nyingine kwenye mashine ya UNIVAC, na kwa muda alikabiliana na watu wasioamini kwamba kompyuta inaweza kufanya lolote zaidi ya hesabu. Mwishoni mwa 1953 John Backus wa IBM aliwaomba wakubwa wake ruhusa ya kuunda lugha ya programu iliyokuja kuitwa FORTRAN. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: katika kituo cha kompyuta, mishahara ya watengeneza programu ilifikia gharama ya mashine yenyewe, na kati ya robo na nusu ya muda wa mashine uliishia katika kusaka makosa. Ripoti ya awali ya 1954 iliahidi kwamba FORTRAN ingekaribia kuondoa kabisa kazi ya kuandika msimbo na kusaka makosa. FORTRAN ilipotoka Aprili 1957 kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704, ilipunguza kweli idadi ya maelekezo ambayo mtu alipaswa kuyaandika, wakati mwingine mara ishirini. Backus mwenyewe alikumbuka baadaye jinsi watengeneza programu wa miaka ya 1950 walivyojiona kama makuhani wenye siri, na jinsi wengi wao walivyobeza wazo la mashine kuandika programu nzuri kama zao. Makuhani hao walikosea kuhusu ubora wa kompaila, yaani programu inayofasiri FORTRAN kuwa maelekezo ya mashine, na IBM nayo ilikosea kuhusu kusaka makosa. Wanasayansi na wahandisi ambao zamani walimhitaji mtu wa kati walianza kujiandikia, hesabu zilizokuwa ghali mno kufanywa zikawa za kawaida, na mahitaji ya programu yakapanda kuliko uwezo wa kuyatimiza.

COBOL ilirudia kisa hicho kwa upande wa ofisi. Mwezi Mei 1959 wawakilishi wa serikali, wa watengeneza kompyuta na wa wateja wao walikutana Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wakakubaliana kuunda lugha moja ya shughuli za kibiashara, itakayofanana na Kiingereza cha kawaida kiasi kwamba meneja aisome na kuielewa. Mameneja hawakuwa watengeneza programu. Waliajiri watu wengi zaidi wa kuwaandikia, na hapo ndipo sura ya mlango ilipobadilika. Katikati ya miaka ya 1950 IBM ilikwisha kuanzisha mtihani wa kupima kipaji cha kuandika programu, uliojaa mafumbo ya namba. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry walichapisha sifa za mtengeneza programu aliyeridhika na kazi yake, na miongoni mwake walitaja kupenda mafumbo na kutopenda kushughulika na watu. Waajiri waliyachukua hayo kama kipimo, na kipimo kikaanza kuzaa watu waliofanana nacho. Mwaka mmoja baadaye, 1967, jarida la Cosmopolitan lilikuwa bado likiwashawishi wasichana wa Marekani kuingia katika kazi hii, na Grace Hopper alihojiwa humo akaifananisha na kupanga chakula cha wageni. Basi kazi iliyoanza kama ukarani wa wanawake ilipopanda hadhi na mshahara, ilianza kutafuta mtu wa aina nyingine. Mwaka 1984 wanawake walichukua takriban asilimia 37 ya shahada za sayansi ya kompyuta nchini Marekani. Miaka ishirini na mitano hivi baadaye walikuwa karibu asilimia 18.

Huenda mtu akadai kwamba wanawake waliondoka kwa hiari, au kwamba kazi ilizidi ugumu. Uingereza inatoa ushahidi unaokanusha dai hilo. Mwaka 1962 Stephanie Shirley alianzisha kampuni iliyoitwa Freelance Programmers, akawaajiri wanawake waliokuwa wamelazimika kuacha kazi baada ya kuolewa au kuzaa, wakawa wanaandika programu nyumbani kwao. Barua za kutafuta wateja alizitia saini kwa jina la Steve, kwa kuwa barua zenye jina la mwanamke hazikujibiwa. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu, na wateja hawakuona upungufu wowote katika kazi waliyoipokea. Hakuna chombo kipya kilichowatoa wanawake hao katika ofisi walizotoka. Walitolewa na uamuzi wa watu kuhusu nani anafaa kuingia, na uamuzi huo ulifanywa wakati ambapo kila mwajiri alilalamika kwamba watengeneza programu hawatoshi.

Hawakutosha kweli. Oktoba 1968 wataalamu walioalikwa na NATO walikutana Garmisch, Ujerumani, kujadili kile walichokiita mgogoro wa programu: miradi iliyochelewa, iliyopita bajeti, iliyoanguka ikiwa kazini. Edsger Dijkstra, aliyekuwa miongoni mwao, alieleza mwaka 1972 kiini cha tatizo kwa namna ambayo bado haijakanushwa. Kompyuta zilipokuwa dhaifu, alisema, kuziandikia programu lilikuwa tatizo dogo. Zilipopata nguvu kubwa, tatizo nalo likawa kubwa kwa kiwango kilekile. Kila unafuu uligeuka kuwa hamu mpya. Mwaka 1986 Fred Brooks, aliyewahi kusimamia mfumo mkubwa wa uendeshaji wa IBM, alitenganisha ugumu wa aina mbili: ule unaotokana na zana tunazotumia, na ule uliomo katika jambo lenyewe tunalotaka kompyuta ilifanye. Zana zinaweza kuupunguza ule wa kwanza hadi karibu na sifuri. Ule wa pili unabaki, kwa kuwa sheria ya kodi, taratibu za hospitali au mpango wa mikopo ya ushirika haviwi rahisi kwa sababu vimeandikwa kwa lugha nyepesi. Kwa maoni yangu hakuna hoja katika taaluma hii iliyostahimili majaribio ya wakati kuliko hiyo ya Brooks, na ndiyo inayoeleza kwa nini watabiri wa miaka ya 1980 walianguka. James Martin aliandika kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza utengenezaji wa mifumo bila watengeneza programu. Mwaka 1981 huko Uingereza iliuzwa programu iliyoitwa The Last One, yaani ya mwisho, kwa madai kwamba aliyeinunua asingehitaji kununua nyingine tena: angejibu maswali kwa Kiingereza cha kawaida, nayo ingemwandikia. Mwaka 1992 Edward Yourdon alitoa kitabu kilichotabiri anguko la mtengeneza programu wa Marekani mbele ya mafundi wa nje wenye ujira mdogo. Mwaka 1996 akatoa kingine kutangaza ufufuko wake.

Wanaobeza utabiri huishia hapo, kwa furaha. Lakini tazameni takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani, ambayo huhesabu kazi mbili kwa mafungu tofauti: wale wanaogeuza mpango wa mwingine kuwa msimbo, na wale wanaobuni na kujenga programu kwa ukamilifu wake. Mwaka 2000 fungu la kwanza lilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2023 walibaki takriban 140,000, wakati fungu la pili, pamoja na wanaokagua ubora, lilikaribia milioni 1.9. Taaluma imekua sana, na ngazi yake ya chini imeyeyuka. Kabla ya hapo walikuwapo mabinti waliotoboa kadi, maelfu kwa maelfu, ambao kazi yao ilikwisha kompyuta zilipopata kibodi na skrini. Hakuna aliyewaandikia vitabu vya ufufuko. Anayesema kwamba kazi haikufa anasema kweli kuhusu kazi, na ananyamaza kuhusu watu.

Afrika Mashariki imeyaonja haya kwa njia zake. Kompyuta ilipofika Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam mwaka 1965, wataalamu wazalendo wa kuielewa walikuwa haba mno. Mwaka 1974, baada ya kompyuta za hesabu za serikali kuleta hasara na vurugu, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Marufuku hiyo imechekwa mara nyingi, ingawa waliotoa amri waliona tatizo halisi: mashine iliyoletwa kabla ya kuwaandaa mafundi wake humfanya mwenye mashine kuwa mtegemezi wa wageni. Dawa waliyoichagua ilikuwa mbaya, kwa kuwa ilizuia mashine pamoja na nafasi ya kujifunza. Miaka arobaini baadaye hali ilionekana kugeuka. Andela, iliyoanzishwa mwaka 2014 huko Lagos na kufungua ofisi Nairobi mwaka uliofuata, iliwachukua vijana wenye akili, ikawafundisha kwa malipo, kisha ikawakodisha kwa kampuni za nje. Septemba 2019 ikatangaza kuwaachisha kazi au kuiweka mashakani kazi ya vijana wapatao 400 nchini Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: soko lilitaka mafundi wazoefu, na wanagenzi walikuwa wengi kuliko nafasi zao. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya ChatGPT. Mlango ulikwisha kuanza kufungwa kwa mkono wa soko, kabla akili mnemba haijaushika.

Hapa panakuja pingamizi zito zaidi, kwamba mara hii mambo ni tofauti kabisa. FORTRAN na COBOL, wanasema wenye pingamizi hilo, bado zilimdai mtu afikiri kama mashine, lakini vyombo vya leo, tangu GitHub Copilot ya 2021, vinapokea maneno ya kawaida na kutoa programu nzima. Nakubali kwamba uwezo huo ni mkubwa kuliko wowote uliotangulia. Ila tofauti yenyewe inaelekea upande mwingine. Kompaila ya FORTRAN ikipewa maandishi yaleyale hutoa matokeo yaleyale, na ndiyo maana baada ya muda watu waliacha kusoma ilichokiandika na kuanza kukiamini. Chombo cha akili mnemba hubahatisha kwa ustadi mkubwa. Leo kitatoa jibu hili, kesho lile, na kosa lake huja likiwa limevaa nguo safi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusoma, kutilia shaka na kubeba dhamana. Watengeneza programu wenyewe wanalijua hilo. Katika uchunguzi wa maoni wa tovuti ya Stack Overflow wa mwaka 2025, asilimia 84 walisema wanatumia vyombo hivyo au wanapanga kuvitumia, na bado asilimia 46 walisema hawaamini usahihi wake, dhidi ya asilimia 33 waliouamini. Mwaka huohuo taasisi ya METR iliwapima mafundi 16 wenye uzoefu katika miradi waliyoifahamu vizuri: walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, huku wao wenyewe wakidhani wameharakisha kwa asilimia 20. Jaribio hilo ni dogo na vyombo vinaendelea kuboreshwa, hivyo lisigeuzwe kuwa sheria. Linatosha kuonyesha kwamba hata fundi mkongwe anaweza kudanganywa na wepesi, na kwamba jicho la kukagua ndilo lenye thamani sasa.

Jicho hilo hutoka wapi? Hutoka katika miaka ya kuandika vibaya, kukosolewa, kuamshwa usiku kwa sababu mfumo umeanguka, na kurekebisha msimbo wa aliyeondoka. Hakuna njia ya mkato iliyogunduliwa, na nafasi ya kupitia hayo ndiyo inayopungua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa Agosti 2025 na Erik Brynjolfsson na wenzake ulionyesha kuwa ajira za watengeneza programu wa Marekani wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zilishuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa 2022, wakati wenzao wenye umri mkubwa hawakupata pigo la namna hiyo. Wapo wanaopinga kuitupia akili mnemba lawama yote, na wana haki. Riba nchini Marekani ilipanda kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 kati ya Machi 2022 na Julai 2023, na tangu 2022 sheria ya kodi ilizilazimisha kampuni kugawanya gharama za kutengeneza programu kwa miaka kadhaa badala ya kuzikata mara moja. Kampuni zilizoajiri kupita kiasi wakati wa UVIKO-19 zilipunguza watu: Meta 11,000, Google 12,000. Lakini pingamizi hili, hata likikubaliwa lote, linathibitisha mwendo uleule wa miaka ya nyuma. Fedha zikibana au chombo kipya kikija, ukataji huanzia kwa yule ambaye faida yake itaonekana baada ya miaka mitano. Gharama huja baadaye sana. Aprili 2020, watu wengi wasio na kazi walipoelemea mifumo ya mafao ya jimbo la New Jersey, gavana Phil Murphy alisimama hadharani kuomba msaada wa wanaojua COBOL, lugha ambayo mameneja walidhaniwa wangeisoma wenyewe. Mifumo ilikuwapo, mafundi wake walikuwa wamestaafu, na kwa miaka mingi waliofundishwa kushika nafasi zao walikuwa wachache mno.

Upande mwingine wa mlango kuna watu wasiotajwa sana katika mjadala huu. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Bila kazi yao chombo hicho kisingeweza kuuzwa kwa umma. Hata hivyo kazi yao ilihesabiwa kama ya wanawake wa ENIAC ilivyohesabiwa: ukarani, usiohitaji hadhi wala ngazi ya kupandia. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba Afrika Mashariki inaweza kuridhika na nafasi yoyote itakayopewa katika shughuli hii mpya. Kuweka lebo kwenye data hakumfundishi mtu kujenga mfumo, na mwenye mfumo ana kila sababu ya kumweka hapo daima.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni, uamuzi mzuri ambao hautazaa kitu iwapo vijana hao watahitimu na kukuta kila tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitano. Serikali zinazonunua mifumo ya kodi, ardhi na afya kwa mabilioni zina nguvu ambayo Marekani ya 1959 iliitumia vizuri: Wizara ya Ulinzi ilipotaka lugha moja, watengeneza kompyuta walitii. Kila mkataba wa mfumo wa umma Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali uandikwe kipengele kinachomlazimisha mshindi wa zabuni kuwaweka wanagenzi wa hapa ndani ya timu inayoandika na kukagua msimbo, kwa mshahara, tangu siku ya kwanza hadi mfumo utakapokabidhiwa, na fedha zao zitajwe katika mkataba huohuo.